Klachi Yangu Mbele ya Wakwe

Gari langu la gia limetembea kilomita laki tano na klachi ileile, na nilipofika ukweni Kisaka sikuacha kujitapa. Nilichoficha ni hendibreki: haishiki kabisa. Nilipopaki pale mteremkoni niliokota jiwe uani, nikaliweka mbele ya tairi.

Chakula kilichelewa mno, nami nikazidi kuhubiri. "Baba, siri ni kubadilisha oili kwa wakati na kuihurumia klachi." Mwishowe nikamwomba apande nimzungushe kidogo.

Nikatia gia, nikaachia klachi, gari likatetemeka na kuzima. Nikarudia, likazima. Moyo ukanilipuka, maana gari hilo ndilo linalotulisha. "Klachi imekufa," nikasema. Baba mkwe akashuka, akavua koti, akasukuma pamoja na mashemeji hadi jasho likawatoka. Nikamlaani fundi wangu wa Nyarero.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima ya Kikurya hasemi nami moja kwa moja, akatokea mlango wa jiko, uso kaugeuzia pembeni. Akamwita mke wangu, sote tukasikia:

"Ghati, mwambie mumeo atoe figa langu kwenye tairi. Nalitafuta tangu asubuhi, nimeshindwa hata kuinjika sufuria."