Unyayo Chini ya Karai

Nilikuwa sokoni Kakamega nikichagua sukuma wiki nilipopigiwa simu: yule mhadhiri wa nyayo ametutoka. Moyo umemsimama ghafla. Niliacha mboga pale pale, na hadi leo, wasomaji wangu, nikimtaja machozi hunitangulia.

Kazi yake ilikuwa kutafuta ni mnyama gani aliyekanyaga tope la kale ambalo sasa ni jiwe. Mwenye mguu hayupo, umebaki unyayo tu. Basi yeye aliwatembeza walio hai juu ya tope bichi uani kwake, bata, kanga, hata kenge mmoja aliyetutimua sote, kisha akalinganisha. Siku moja alinionyesha nyayo za kuku, akaniuliza ni za kuku wangapi. Wawili, nikajibu kwa kujiamini. Alicheka hadi akaketi chini. "Ni ingokho huyu huyu mmoja! Huku tope lilikuwa jepesi, huku zito. Usimpe mtu jina kabla hujajua alikanyaga wapi." Maneno hayo nimeyabeba hadi kwenye uandishi wangu, maana sisi ni wepesi mno wa kuhukumu.

Mama yake, aliyeishi naye, hakuwa akicheka. Huku kwetu unyayo wa mtu hauzolewi. Anayeuzoa hushukiwa uchawi. Siku chache kabla ya simu ile, binti yake, huyo mhadhiri wetu, alikanyaga tope lile mwenyewe, akachukua plasta, ule unga mweupe unaoganda ukikorogwa na maji, aunyanyue unyayo wake. Mama akamaka: "Wewe! Nyayo ya mtu haichukuliwangi! Watu watasema nini?" Binti akaiweka plasta chini. "Sawa, mama. Tuuache."

Nilipofika matangani nilimkuta mama uani, amelalia karai lililofunikwa kifudifudi. Wapishi walikuwa wamelitaka, akawafukuza. Wingu la mvua lilikuwa limeshatanda. Akanishika mkono.

"Mwanangu, ile plasta yake, unajuanga kuikoroga?"

"Najua, mama. Lakini watu..."

"Wacha waseme! Mvua itanichukulia mtoto mara ya pili."

Nilikoroga huku nikilia; akaliinua karai, nikaimimina plasta juu ya ule unyayo wa binti yake, naye akatukinga kwa leso yake. Ilipokauka tukanyanyua: kisigino, vidole vitano, na kidole kidogo kilichopinda.

"Aliumia akiwa mdogo," akasema, akiupakata ule unyayo kifuani. "Ni yeye."

Jiwe halijui lilikanyagwa na nani. Anayejua ni yule aliyemwona mwenyewe akitembea. Watazameni watu wenu, jamani, wangali wanatembea.