Saumu za Kupunguza Mwili

Nilikuwa mnene, na unene wangu ulikuwa fahari ya watu wengi. Mama alinilea kule Wambaa kwa samaki na tui la nazi, na nilipokuwa mwari, nimewekwa ndani kungoja harusi, nyumba nzima ilikuwa na kazi moja tu ya kunilisha. Asubuhi uji, mchana wali, alasiri maandazi, na katikati ya hapo shangazi yangu anachungulia mlangoni kuuliza kama nimetia kitu mdomoni. Siku niliyotolewa nje wanawake walinizunguka na kunitazama kama watu wanavyomtazama ng'ombe wa Idi. Mitali ya fedha niliyovishwa miguuni ilipita kwa kupakwa sabuni, na waliokuwapo wakasema haitoki tena.

Niliolewa Konde, miaka michache kabla ya vita vya pili vya Mjarumani. Mume wangu alikuwa na duka barabarani na mikarafuu nyuma ya nyumba. Tuliishi na mama yake, mavyaa wangu, mwanamke mfupi, mkali wa macho, mpole wa mikono. Hakunichukia hata siku moja. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila nikianza kueleza habari hii, watu hungoja nimlaumu mavyaa, na mimi sina la kumlaumu.

Mwaka wa kwanza watu walinitazama tumbo. Tumbo langu lilikuwa kubwa tangu hapo, kwa hiyo walikuwa hawajui pa kuanzia. Mwaka wa pili wakaanza kuniuliza hali kwa sauti ya chini, kama wanavyoulizwa wagonjwa. Baadaye wakaacha kuuliza, na hapo ndipo roho yangu ilipoingia baridi. Mtu akiacha kukuuliza jambo, ujue ameshalijibu mwenyewe. Halafu nikasikia, kwa njia zile ambazo mwanamke husikia mambo hata akiwa jikoni, kwamba ndugu za mume wangu wamevuka kwenda Makoongwe kumtazama mtoto wa watu, awe mke wa pili.

Sikugombana. Nilikwenda kwa mkunga, bibi mmoja aliyekaa nyuma ya msikiti, aliyekuwa amewapokea nusu ya watoto wa Konde. Alinilaza juu ya mkeka, akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili, huku na huku, kama mtu anayetafuta ufunguo uliodondoka ndani ya gunia.

"Weye una mafuta, mwanangu," akasema. "Yamekilalia kizazi. Jipunguze mwili, kitanyanyuka."

"Nijipunguze vipi, bibi?"

Akanitazama kwa kushangaa. Hakuwa amewahi kuulizwa. Siku zile watu walijua dawa ya kila kitu, ya mchango, ya jicho, ya mume mkali, lakini dawa ya kukonda haikuwapo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeitaka. Kukonda kulikuwa ni maradhi.

Mtasema, si ungekula kidogo tu? Basi hamjui nyumba zetu. Mtu akikataa chakula amesusa, na anayesusa ana neno na mwenziwe. Ningeacha tonge tatu tu kwenye sinia, mume wangu angeuliza nani kaniudhi, mavyaa angedhani ni yeye, na wazee wangu wangeitwa kutoka Wambaa kuja kusuluhisha ugomvi usiokuwapo. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma. Kisha nikaona kuna njia moja tu ya kukaa na njaa katika nyumba ya mume bila ya kumuudhi kiumbe, nayo ni saumu.

Lakini mke hafungi saumu ya sunna bila ya idhini ya mumewe. Nikangoja amalize kahawa yake.

"Bwana, naomba ruhusa nifunge Jumatatu na Alkhamisi."

Alifurahi. Uso wake ulinyooka kama wa mtu aliyepewa habari njema ya safari. "Funga," akasema. "Na mie uniombee."

Nikafunga. Mchana wa Ramadhani njaa ni ya watu wote, mnaibeba pamoja, kila mtu amekunja uso na mnachekana. Njaa ya Jumatatu ni yako peke yako. Mavyaa anakula muhogo wake, mume anarudi dukani anataka wali, na mimi ndiye mpishi. Mchuzi nilikuwa nauonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kuutema, kama ilivyoruhusiwa, na wallahi kuna siku ulimi ulikataa kutema. Magharibi ikifika nilikula tende, maji, na vipande viwili vya ndizi, kisha nikasema nimeshiba. Aliyefunga akisema ameshiba hakuna anayemkatalia. Mwili haukushtuka upesi, basi nikaongeza zile siku tatu nyeupe za katikati ya mwezi. Kisha nikaongeza nyengine, nikasema nalipa deni la Ramadhani za usichana wangu. Deni lile lingekuwa la kweli, ningekuwa sikupata kufunga tangu kuzaliwa.

Nia ilinisumbua. Kila nilipotia nia, ulimi ulisema kwa ajili ya Mungu, na tumbo likasema jengine. Nilijiambia kuwa Yeye ndiye mwenye kutoa watoto, kwa hiyo njia ni ileile. Lakini majirani walipoanza kuniita mcha Mungu, na kuniletea watoto wao wenye homa niwasomee, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa naweka mkono juu ya kipaji cha mtoto wa mtu, moto, na ninachoomba moyoni si apone. Ninaomba wangu.

Mwili ukaanza kuondoka. Kanga iliyokuwa inanizunguka kwa taabu ikawa inanizunguka na kubaki. Mashavu yakaingia ndani. Siku moja nafua kisimani, mtali wa mguu wa kulia ukateleza wenyewe ukaangukia kwenye povu, na mimi nikacheka peke yangu kwa furaha.

Mume wangu hakucheka. Barazani walikuwa wameanza kumtania, kwanza kwa mzaha, halafu kwa mzaha wenye miba. Mwenye duka, mchele umejaa hadi darini, na mke anakonda? Kwetu mwili wa mke ni salamu ya mume kwa watu, na salamu yake ilikuwa inadhoofika kila siku. Akawa ananunua nyama, anakaa mbele yangu, ananitazama nikila. Siku za kula nilikula. Siku za kufunga alikuwa hana la kusema, maana alishatoa ruhusa, na nani atamzuia mkewe na Mola wake? Aliniuliza mara moja tu, taratibu, kama kuna kitu kinaniumiza. Nilisema hakuna. Nilikuwa namwona ameanza kunikwepa kwa macho, na sikujali, nilikuwa nakwenda mahali.

Kisha siku zangu za mwezi, ambazo hazikupata kukosea tangu nivunje ungo, hazikuja.

Sikumwambia mtu. Nilitembea na jambo lile kama mtu aliyebeba bakuli la maji lililojaa. Nilikuwa na kizunguzungu, nikasema ndiyo dalili zenyewe. Chakula kilinichefua, nikasema ndiyo dalili zenyewe. Mwezi wa pili pia hazikuja, na Ramadhani ikaingia, nikaifunga.

Sasa, mwanamke ana siku ambazo hafungi wala hasali, na katika nyumba moja siku hizo hazifichiki kwa mwanamke mwenziwe. Hata ukila kwa kujibanza nyuma ya mlango wa jiko, msala wako utaonekana umekunjwa. Mwanamke anayefunga mwezi mzima bila ya kukatiza ama ni kikongwe ama ana mimba. Mavyaa hakuniuliza kitu mwezi mzima. Kumbe alikuwa ananitazama. Asubuhi ya Idi, wanaume wamekwenda kusali, akaniingilia chumbani na kanga mpya mkononi.

"Hukula hata siku moja," akasema.

Nikaendelea kutandika kitanda.

"Na mwezi wa nyuma yake msala wako haukukunjwa. Mwanangu, mtu hafungi na hali hino. Kwa nini hukunambia?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, ninayo. Akaangusha kanga, akasujudu palepale sakafuni, na alipoinuka uso wote ulikuwa umelowa. Nami nikalia. Tulilia mpaka tukachekana. Sijapata furaha kama ile, si kabla wala baada, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

Kila kitu kikapata maelezo. Kukonda kwangu kote kukawa ni mimba. Mume wangu alikwenda barazani Idi ile kwa hatua za mtu mrefu kuliko alivyokuwa, na kabla Mfungo Mosi haujafika kati alipeleka ujumbe Makoongwe kwamba yule msichana aolewe na mwengine, yeye ameghairi. Mavyaa akanipiga marufuku saumu, hata zile sita za baada ya Idi. Yakaja maini, mayai, supu ya kuku, uji wa samli. Nilikula. Ee Mungu, nilivyokula! Nilikula nikisikia raha mpaka kwenye nyayo, na mwili, uliokuwa unangoja tu nyuma ya mlango, ukarudi.

Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, mchana kweupe, nilipohisi maji ya moto. Nilijua kabla ya kutazama. Nilipiga ukelele mmoja tu. Mavyaa alikuja mbio na unga mikononi, akaiona kanga, akanishika kichwa akanilaza kifuani pake. "Imetoka," alikuwa anasema, "imetoka, mwanangu, Mungu atatupa nyengine." Alinisafisha kwa mikono yake. Kisha akavikusanya vile vitambaa, akavifunga ndani ya shuka nyeupe, akaenda kuvizika nyuma ya nyumba karibu na migomba, na juu yake akapanga mawe ili kuku wasichakure.

Mkunga alipokuja alimtuma mavyaa akachemshe maji. Tulipobaki wawili akanibonyeza, akanisikiliza, akanitazama usoni muda mrefu.

"Ulifunga mfululizo?"

"Takriban, bibi."

"Njaa ndiyo iliyokukausha. Chakula kimerudi, na damu imerudi. Hapana kilichoingia, mwanangu, wala hapana kilichotoka."

"Lakini ni wewe uliyesema nijipunguze!"

"Nilisema ujipunguze. Sikusema ujimalize." Alisema bila ya ukali, na macho yake yalikuwa yamechoka. Akasikia hatua za mavyaa, akaniinamia sikioni. "Wache walie. Mume anayelia na weye hatakuacha upesi."

Wakalia. Wanawake wa Konde walikuja kunipa pole, wakakaa chini kando ya kitanda changu na kunihadithia mimba zao zilizotoka, kila mmoja na yake, na mimi nikiwa katikati yao kama mmoja wao. Mume wangu alisimama mlangoni, hakuweza kuingia. Kisha akaingia, akanishika mguu juu ya shuka, akasema iliyokuja mara moja itakuja tena. Na mimi nilikuwa nalia kuliko wote, na kilio changu kilikuwa cha kweli. Nilimlilia mtoto ambaye nilishamtafutia mahali pa kulala. Nani atanambia nilikuwa simlilii mtu?

Haikuja tena. Vita vikaingia, mchele ukapotea madukani, watu wakala muhogo asubuhi na jioni mpaka kisiwa kizima kikakonda pamoja, na hapakuwa na wa kumtania mwenziwe. Mwisho wa vita mume wangu akaoa. Alinieleza kwa heshima, akanijengea chumba cha upande wa barabara, na mwaka haukwisha nikaitwa mama mkubwa wa mtoto wa kiume. Nilimpakata. Alikuwa mzito, na harufu yake ilinifanya nimrudishe haraka kwa mama yake.

Mavyaa alikataa kuhamia kwenye nyumba mpya ya mke mwenzangu. Walimbembeleza kwa wajukuu, akasema wajukuu wana miguu, watakuja. "Mie nimezika hapa," alisema, na watu wakadhani anamsema mumewe. Kila mvua zikipita alikuwa anang'oa majani pale kwenye migomba, anapanga upya yale mawe, mpaka mgongo ulipokataa kuinama. Hapo akawa ananituma mimi. Nilikwenda. Nilichuchumaa mbele ya vijiwe vile na kung'oa majani juu ya vitambaa vya hedhi, na nikainua mikono kuomba dua, maana alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho nilimuuguza mimi. Asubuhi moja, nimeshamuosha uso na kumpa uji, aliniita nikae karibu. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini akili ilikuwa timamu.

"Mwanangu, mtoto aliyetoka kabla ya siku zake humngoja mamake kwenye mlango wa pepo. Hukataa kuingia mpaka mamake aje. Mie nitatangulia kumwona." Akatabasamu, akanishika mkono. "Nimwambie nini?"

Miaka yote ile hakuna mtu mwengine aliyewahi kuniuliza habari za mwanangu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka ili useme kweli, kwa sababu mtu anayekwenda kule si haki kumfungia safari na uongo. Nikayatazama macho yake.

"Mwambieni asichoke, mama," nikasema. "Mwambieni mamake anakuja."