Fundichuma wa Lambo Letu

Dhahabu! Weee, usinione hivi, nimeishika dhahabu kwa mkono huu huu. Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa sokoni Bariadi, watu binafsi wanagombea pamba yetu, na kwenye kijito nyuma ya nyumba, upande wa Sapiwi, mume wangu akaokota jiwe linalong'aa. Nikapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka. Nami nilikuwa na mimba ya kwanza, baada ya miaka sita ya kuitwa mgumba. Mtoto na dhahabu mwaka mmoja! Nani angelala?

Tukaponda mawe, tukaosha mchanga kwenye karai, tukatia zebaki. Ilikuja ndani ya kichupa cha dawa ya sindano, nzito ajabu, ukiimwaga inakimbia. Inakamata vumbi la dhahabu, unakamua kwa kitambaa, mume wangu anachoma kinachobaki mpaka zebaki yote iondoke kwa moshi. Maji machafu tulimwaga palepale. Nilikuwa nikiichezea zebaki kiganjani, mjinga mimi!

Mama mkwe hakupendezwa. Juu ya pale tulipooshea kulikuwa na kiota cha fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kisogoni, anayejenga lundo la vijiti ambalo mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Kwetu kiota hicho hakisumbuliwi. Ukikisumbua, msiba unaingia nyumbani kwako.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "una mimba, halafu unakipigia kiota kelele? Hamisheni hayo makarai."

Tukahamia lamboni, tunakonyweshea ng'ombe, roho zetu nyeupe kabisa kwamba tumemheshimu ndege. Lo! Hatukufikiri kwamba fundichuma analala kiotani lakini chakula chake kiko lamboni. Vyura wake wote wako kule.

Miezi ikapita, fundichuma mmoja wa kiota kile akaanza kuyumba. Anataka kutua, anakosa tawi. Kichwa kinatikisika peke yake. Na kiotani, msimu ule, hatukusikia sauti ya kinda hata mmoja.

"Umekigusa kiota," mama mkwe akasema.

"Sijakigusa, mama!"

"Umekigusa. Na huyo mtoto utampoteza."

Nilichemka! Miaka sita nimemsubiri mtoto huyu, halafu niambiwe nimemuua mwenyewe kwa sababu ya vijiti? Kesho yake nikabeba tumbo langu mpaka lamboni, nikakaa kwenye nyasi, nikaapa sitoki mpaka nijue ndege yule anaumwa nini.

Jua limepanda ndipo akaja. Akaingia kwenye maji ya kina kifupi, akawa anaparuza tope kwa mguu ili vyura watoke. Alisimama palepale tunapomwaga maji ya karai. Aliponyanyua mguu, kwenye unyayo wake zikabaki chembe za zebaki, zinabingirika, zinametameta. Akadaka chura, akameza.

Nikasimama kwa kelele. Nimekipata chanzo! Si kiota! Nikakimbia na tumbo la miezi saba, kanga mkononi, nacheka kama mwendawazimu, watu mashambani wananishangaa. Nilimkuta mama mkwe jikoni.

"Mama! Ni zebaki! Iko lamboni, anaila pamoja na vyura! Sikugusa kitu mimi!"

"Haya, haya, kaa kwanza ule," akasema, akanisogezea bakuli.

Ndani alikuwa kambale wa lambo. Alinipikia kambale kila siku tangu tuhamie kule, ili mtoto apate nguvu. Kicheko kikanikauka. Nikalitazama bakuli, naye akalitazama, kisha akanitazama tumboni. Akachukua chungu kizima akaenda kukimwaga shimoni. Aliporudi alikaa chini, mikono kichwani.

Mume wangu nilimwambia achague, zebaki au mke. Alinung'unika wiki nzima, akaacha. Fundichuma yule hakuimaliza masika. Hakuna aliyempima, mimi nasema nilichokiona.

Binti yangu alizaliwa analia kwa sauti kubwa, jamani, raha niliyoisikia! Ni mzima, ana watoto wake wawili, ananicheka kwamba ninapenda kuhangaika. Lakini akinimiminia chai, mpaka leo, naitazama mikono yake kwanza, kama haitikisiki.