Rekodi ya Vihingo

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi wa Vihingo, huko Kisarawe, tangu kabla sijazaliwa. Madaktari walipotueleza kwamba uvimbe wa kooni utaondolewa pamoja na sauti yake, hakulia. Aliuliza tu kama kabla ya siku hiyo kuna mwali atakayetolewa. Alikuwapo mmoja, Jumamosi iliyokuwa ikifuata. Akanigeukia.

"Wewe si una mitambo? Nihifadhi humo, mume wangu."

Mitambo ninayo. Napiga muziki kwenye sherehe pale Kongowe, Kibaha, na kwa sababu hiyo najiona fundi kuliko nilivyo. Nilibeba kompyuta na kontrola yangu ya sahani mbili, ile ya kuchanganyia nyimbo, nikaenda Kisarawe nimegeuza kofia nyuma mbele kama mtu wa maana.

Mikisa, ambamo sauti zote hukutana kabla ya kwenda kwenye spika, ilikuwa ya kikundi cha akina mama. Waliiweka kando ya mkeka wa makungwi, na siku ya kumtoa mwali mwanamume hakanyagi upande ule. Sikubishana. Nilimpa mama mdogo nyaya za kontrola akazichomeka yeye kwenye mikisa. Maiki ya bibi akaichomeka humo humo, maana ndipo palipokuwa karibu. Tukajaribu muziki, ukasikika. Bibi akapiga hodi kwenye maiki, akasikika mpaka kwenye zizi la jirani. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikakunja mikono.

Mwali alitoka mchana, amebebwa mabegani, amepakwa mafuta anang'aa. Kila bibi alipoinua maiki, nilishusha muziki polepole hadi ukaisha kabisa, nimwachie nafasi. Aliimba mpaka koo likakwaruza. Nyimbo nyingine hata mama alikiri hajawahi kuzisikia. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Rekodi sikuifungua mpaka siku ya pili baada ya upasuaji. Kompyuta ilikuwa imeshika kile tu kilichopita kwenye kontrola. Sauti ya bibi iliingia kwenye mikisa, ikatoka kwenye spika, basi. Kwangu haikurudi hata chembe. Ilitakiwa waya mmoja tu wa kurudisha sauti kutoka mikisa hadi kwenye kompyuta, jambo analolijua hata anayejifunza wiki ya kwanza. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Siku hizi bibi anakaa nasi Kongowe, shingoni ana kitambaa cheupe. Kila akiniona ananyooshea kidole kompyuta. Nilimdanganya kwamba imeharibika. Nilimdanganya wiki tatu, hadi aliponikuta naitumia.

Nikamvalisha hedfoni, nikakaa mbele yake, naona aibu kama mwizi. Muziki wangu ukashuka polepole. Ukafuata ukimya wa dakika nne. Bibi alifumba macho. Midomo yake ikawa inacheza, anaufuata wimbo neno kwa neno, anasubiri pa kuitikiwa, anaendelea. Alipofika mwisho, muziki wangu ukarudi.

Akavua hedfoni, akaziweka mapajani. Alinitazama. Nilitamani anitukane, na hakuwa na sauti ya kunitukania.