Kikapu Kimeshuka, Duka Limefungwa

Jumatano, tarehe 19 Novemba. Mvua ya vuli ilianza alfajiri kwa manyunyu, ikakatika, kisha ikarudi kwa nguvu wakati watu wanakwenda makazini. Mchana jua likatoka kali na vichochoro vikafuka mvuke.

Leo ndiyo asubuhi ya kwanza duka la chini halikufunguliwa. Naandika ili nipoe, na pengine nikiandika nitaona kama nina haki ya kuogopa au najitia wasiwasi bure. Skuli niliishia mapema. Nikienda kombo nisamehewe.

Tunakaa ghorofa ya pili, mimi na mama. Ngazi zetu zimesimama wima na zina kiza, na mama, tangu miguu imchoke, hashuki tena. Lakini dukani hajaacha kwenda, kwa njia yake. Kila asubuhi, mimi nikishaondoka, hufungua dirisha, hushusha kikapu cha ukili kwa kamba mpaka mlangoni mwa duka, na kuita: "Duka!" Mwenye duka, ambaye nimemwita Ami tangu utoto ingawa hatuna udugu, huitika, "Naam!" Mama husema anachotaka, mkate wa boflo, maziwa, kitunguu, na Ami hutia. Akimaliza huishika kamba na kuivuta kidogo, na haiachii mpaka mama naye avute kule juu. Ndiyo alama yao: mzigo tayari, pandisha polepole.

Na si kila anachotaka hutiwa.

"Sukari hapana, Bi Mkubwa. Juzi tu umechukua."

"Wewe duka au daktari?"

"Leo daktari. Kesho njoo, utanikuta duka."

"Kesho n'takuja na fimbo!"

"Karibu. Ngazi unazijua."

Kichochoro kizima hucheka.

Sikuliona kuwa jambo kubwa mpaka mwaka jana. Asubuhi moja kikapu hakikushuka. Ami akangoja, akaita yeye, kimya. Ufunguo wetu wa akiba alikuwa nao. Akaacha duka wazi na wateja ndani, akapanda na magoti yake yale mabovu, akamkuta mama ameanguka mlangoni mwa choo, hawezi kuinuka. Mimi niko Mbweni napiga pasi mashuka ya hoteli, sina habari. Tangu siku hiyo nikawa naondoka nyumbani bila hofu, kwa sababu ya kile kikapu.

Kwa haki, Ami simlaumu. Magoti hayamsimamishi tena, wanawe wana kazi zao, na wateja walipungua. Mtu akitoka kazini hupitia supamaketi, akachukua kila kitu mara moja, kwenye kiyoyozi, bila kuulizwa hali. Mimi mwenyewe mchele na unga hununua huko. Na si watu wabaya, yule msichana wa pale hunifungia vitu vyangu vizuri. Sema tu hajui kama nina mama.

Jana baada ya laasiri Ami akanirudishia ufunguo. "Chukua, mwanangu. Nahamia shamba kwa binti yangu." Nikamwambia mama kuwa duka limefungwa, kesho asishushe kikapu, kila kitu nitamwekea mezani. Akasema, "Haya." Haya ya mama naijua.

Leo kazini nikampigia simu. Hakupokea. Simu yake huifungia kabatini, eti isiibiwe, kwa hiyo kutopokea si kitu kipya. Lakini nikapiga tena, na tena, mpaka pasi ikaniunguza kidole. Nikampigia Ami.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Kikapu kimeshuka?"

Hata hujambo hakuniuliza. Nikamwambia sijui, niko kazini, mama hapokei. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Mwanangu, mimi niko shamba," akasema. "Nenda."

Msimamizi aliniruhusu bila maneno, na sikutegemea hivyo. Nilipoingia kichochoroni kwetu mvua ilishakatika. Kikapu nikakiona. Kimeshuka, lakini hakipo mlangoni. Kamba imevutwa pembeni na kufungwa kwenye nondo ya dirisha la duka, imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ndani ya kikapu mna chupa tupu ya maji. Mlangoni mafundi wanapaka rangi. Sikumwuliza mtu. Nilipanda nikisoma kila dua iliyonijia mdomoni.

Mama amekaa dirishani, kamba mkononi. Mzima.

"Mbona umerudi mapema?"

"Mama, unafanya nini?"

"Mwambie Ami wako aache mchezo. Kaishika kamba tangu asubuhi. Mimi navuta, na yeye anavuta. Nshaita mpaka koo limenikauka, haitiki."

"Ami yuko shamba, mama. Nilikwambia jana."

Akaitazama kamba. "Basi nani kaishika?"

Chai niliyomwekea ilikuwa pale pale mezani, imepoa, na vidonge vyake pembeni. Hakugusa. Alikuwa anangoja boflo.

Nilishuka na ugomvi, sitaficha. Duka kalichukua dada mmoja kutoka bara, ataweka mikoba na picha za kuwauzia wageni.

"Dada, nani kafunga kamba hii?"

"Mimi. Samahani. Mafundi walikuwa wanaigonga, nikaogopa kikapu kisije kikaingia rangi. Nilijua ni pambo la nyumba. Wageni wamekipiga picha asubuhi yote."

"Na chupa?"

"Hiyo sijui. Labda mtu alidhani ni pa kutupia taka." Akaitoa kwa mkono wake, akakifuta kikapu kwa pembe ya kanga yake.

Mtu akikufanyia hivyo utamgombeza nini? Nikamweleza yote, kamba, sukari, siku ya kuanguka. Alisikiliza kweli.

"Kwa hiyo kisiposhuka, nipande?"

"Upande."

"Na mlango ukiwa umefungwa?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, nimeushika. Ami nilimjua maisha yangu yote. Huyu nilimjua muda wa chai kupoa. Na maduka ya wageni nayajua, masika ikiingia hufungwa. Nilikuwa bado nafikiri mama alipoita juu.

"Duka!"

Yule dada akanitazama. "Anamwita nani?"

"Anakuita wewe."

Akatoa kichwa nje. "Abee, bibi!"

Mama akachungulia chini. Kisha: "Boflo ipo?"

"Haipo, bibi. Ipo mikoba."

"Mkoba nitautafuna?"

Mafundi wakacheka, yeye akacheka zaidi yao. Akaifungua kamba, akaishika, akaivuta kidogo kama nilivyomweleza, na hakuiachia. Mama akavuta. Kikapu kikapanda kitupu.

Ufunguo nikampa. Mpaka sasa sijui kama nimefanya sawa. Mama anasema sijafanya sawa. "Umempa ufunguo muuza mikoba!" Lakini mara mbili nimemsikia akijisemea peke yake, "Abee, bibi," na kucheka. Mimi bado nasikiliza ngazi, nani anapanda. Kesho nitaondoka tena asubuhi kama kawaida, na sijui nitapiga pasi vipi.

Jioni tumekula ndizi za nazi na dagaa wa kukaanga, na mkate wa supamaketi wa kukatwa vipande, maana boflo sikuipata njiani. Mama akauchovya kwenye chai, akasema hauna ladha, akaomba kijiko cha pili cha sukari. Nikamtilia. Sikujua kama anastahili kupata au ashazidisha, na wa kumwuliza hayupo tena chini.