Woinshet na Onyo la Nne

Woinshet alikuwa mbishi tangu siku ya kwanza tulipowekwa pamoja kusimamia mtandao wa kompyuta wa hospitali, hapa Addis Ababa. Mitambo yetu hutuma ujumbe kwa madaraja, sifuri hadi saba, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Sifuri ni msiba. Saba ni porojo za mashine. Mkuu wetu, Zerihun, tuliyemwita Gashe kwa heshima ya umri, alikuwa na sheria yake: kuanzia nne kwenda juu, asisumbuliwe mtu.

"Nne ni manung'uniko tu," husema. "Mke wangu hunung'unika kila siku, mbona nyumba haijaanguka?"

Woinshet alizisoma zote. Miaka mitatu ya kibarua, na alizisoma zote, jamani!

Alhamisi moja barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa itiwe saini. Uani kulinyesha, basi kahawa ya kumpongeza ikaandaliwa koridoni, mlangoni pa chumba cha mitambo: jiko la mkaa, ubani, majani mabichi sakafuni. Barua ilikuwa mapajani mwa Gashe. Kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Ukiondoka kabla yake umemtukana mwenyeji. Gashe angetia saini baada ya hicho.

Tukiwa kwenye cha pili, simu ya Woinshet ikatetemeka.

"Nne," akasema. "Joto. Swichi ya mtandao wa chumba cha upasuaji, iko humu ndani."

"Keti, binti."

"Gashe, kuna mtu anapasuliwa sasa hivi! Daktari anaona picha kupitia swichi hiyo."

"Ikifika tatu tutainuka."

"Haipiti tatu hii. Itaruka mpaka moja, na hapo imeshajizima. Usipoziba ufa..."

"Usinifundishe methali. Ukiinuka, barua hii utaisahau."

Woinshet akanitazama. Nilijua anasema kweli. Haki ya Mungu, niliogopa, nikainamia kikombe changu.

Akainuka. Akafika mlangoni, akasimama ghafla, macho chini. Moshi wa ubani ulikuwa unanyonywa na tundu la hewa la mlango, pamoja na joto lote la mkaa.

"Ni sisi!" akapiga kelele. "Ni jiko letu!"

Akanyakua ndoo ya maji ya kunawa, akaimwaga yote juu ya makaa. Birika la kahawa ya baraka likapinduka. Gashe akakunja barua, akaitia mfukoni.

Mgonjwa alishonwa salama, na huko juu hakuna aliyejua lolote. Mkataba wa Woinshet uliisha mwezi uleule, haukuongezwa. Alipokuja kuchukua vitu vyake, Gashe alikuwa amefungua kumbukumbu za mitambo za siku ile kwenye kompyuta yangu. Akanigusa bega.

"Unaona?" akasema. "Ilikuwa nne tu."

Woinshet alisimama pale pale akisubiri niseme kweli. Sikusema.