Pembe Nne za Upenu

Mtaani walimwita Fundi Kamili, maana miaka thelathini ya kuezeka nyumba za watu hajawahi kupungukiwa mbao, wala kubakiza hata ya kuchochea moto. Na yeye, jamani, alilipenda jina hilo kupita kiasi! Ukimsifu kidogo tu, anakusimulia mapaa yake yote mpaka chai yako inapoa.

Mwezi huo alikuwa akiezeka nyumba ya binti yake. Alitaka upenu mpana, futi mbili kutoka ukutani kila upande, wajukuu wapate pa kuchezea mvua ikinyesha. Akapima kuta: thelathini kwa ishirini na nne, mzunguko futi mia moja na nane. Basi, mbao tisa za futi kumi na mbili zingetosha kufunika ncha za paa. Mkewe, ambaye ni mshonaji, alikuwa kwa dada yake, kwa hiyo karatasi ya vipimo akaipeleka mwenyewe kwa muuza mbao.

Mbao zikapigiliwa, zikaisha. Upande wa nyuma zikabaki futi kumi na sita wazi, kama pengo la mtoto.

Mzee wa watu akashuka ngazi, akakaa chini. Mbao si kitu. Baba yake naye alianza hivyohivyo, kwa kusahau vitu vidogo, mpaka akafikia kuwasahau wanawe. Aliogopa, tena sana. Siku mbili hakugusa nyundo, akamwambia binti yake atafute fundi mwingine.

Mkewe aliporudi alisimuliwa yote, akaenda kuutazama upenu, akarudi anacheka. Kamili akachukia, akamuuliza kama ugonjwa wa mtu ni mchezo.

"Ugonjwa gani, mume wangu? Umepima kiuno ukasahau pindo. Sketi ikitanuka, pindo hurefuka. Kila pembe ya upenu inakula futi nne."

"Nilikuwa nalijua hilo. Sasa limenitoka."

"Hukuwahi kulijua." Akaketi karibu yake, akamshika mkono. "Karatasi zako nani huzinakili, na mwandiko wako ule kama kuku kachakura? Tangu nyumba ya kwanza unasahau pembe, na mimi naongeza."

Kamili akayapitia moyoni mapaa yote ya mtaa ule, moja moja. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na nyuma yake ikaja raha, akacheka hadi machozi.

Jioni akamwambia binti yake asihangaike kutafuta fundi mwingine. Fundi mwenyewe, alisema, amesharudi kutoka kwa dada yake.